Mwendo wa Vitu Vilivyorushwa na Vekta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudiwa na wanafunzi wa sekondari, na watu wanaojisomea nyumbani, kila mada hii inapofika. Karibu yote yanatoka kwenye jambo moja: mwendo wa mlalo na mwendo wa wima haviingiliani. Kila kimoja kina hesabu yake, na kinachoviunganisha ni muda tu. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya fomula hutahitaji kuzikariri.

## Vekta

1. Vekta ina tofauti gani na skala?

Skala hukamilika kwa namba na kizio chake: kilo 2 za unga, sekunde 40, nyuzi 31 za joto. Vekta haikamiliki mpaka utaje na upande inakoelekea. Ukimwambia mtu kwamba uko mita 300 kutoka kituo cha basi, bado hajui akufuate wapi. Ukimwambia mita 300 kaskazini mwa kituo, anakuja moja kwa moja.

Kasi ni skala, velositi, yaani kasi pamoja na upande wake, ni vekta. Bodaboda inayokata kona huku kipimo chake kikibaki kwenye kilomita 30 kwa saa haijabadili kasi, ila imebadili velositi, kwa sababu upande umebadilika. Velositi ikibadilika, hata kama ni upande tu, kuna mchapuko. Na mchapuko hauji bila kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta. Kani na mchapuko navyo ni vekta.

2. Inakuwaje 3 na 4 vikijumlishwa vitoe 5?

Mtumbwi unavuka mto wenye upana wa mita 200. Mpiga kasia ameelekeza omo, yaani ncha ya mbele ya mtumbwi, moja kwa moja ng'ambo na mtumbwi unakata maji kwa mita 4 kwa sekunde. Maji yenyewe yanateremka kwa mita 3 kwa sekunde. Mtu aliyesimama ukingoni anauona mtumbwi ukienda mshazari, na kasi anayoiona si 7, kwa kuwa mienendo hiyo miwili haielekei upande mmoja.

Chora mshale wa 4 kuvuka mto. Kwenye ncha yake anzisha mshale wa 3 kuteremka. Mshale unaotoka mwanzo wa ule wa kwanza hadi ncha ya ule wa pili ndio jumla. Umepata pembetatu mraba, na kanuni ya Pythagoras inakupa kipeuo cha pili cha 16 + 9, yaani mita 5 kwa sekunde. Mishale ikielekea upande mmoja jumla ingekuwa 7. Ikipingana ingekuwa 1. Kwa pembe nyingine yoyote jibu litaangukia kati ya 1 na 7.

3. Mkondo ukiusukuma mtumbwi pembeni, si utachelewa kufika ng'ambo?

Hautachelewa, na hapa ndipo mada yote ilipolala. Upana wa mto ni mita 200 na kasi ya kuvuka ni mita 4 kwa sekunde, kwa hiyo mtumbwi utatumia sekunde 50. Mkondo uwe wa 3, uwe wa 6, au maji yawe yametulia kabisa, ni sekunde 50 zile zile, kwa sababu mkondo hausukumi kuelekea ng'ambo wala kurudisha nyuma. Unachofanya ni kuuteremsha mtumbwi mita 3 kila sekunde, na baada ya sekunde 50 utakuwa umefika mita 150 chini ya pale ulipolenga.

Hali inabadilika mpiga kasia akitaka kufikia sehemu iliyo mkabala kabisa naye. Itabidi aelekeze omo juu ya mto kwa nyuzi kama 48.6, ili mita 3 kati ya zile 4 zake zipambane na mkondo. Kasi ya kuvuka inabaki takriban mita 2.65 kwa sekunde na safari inachukua kama sekunde 76. Sasa amechelewa kweli, lakini ni kwa sababu ya uamuzi wake wa kubadili uelekeo.

4. Nitajuaje pa kutumia saini na pa kutumia kosaini?

Usikariri kwamba mlalo ni kosaini na wima ni saini. Ni kweli pale tu pembe inapopimwa kutoka kwenye mlalo, na watunga mitihani wanaijua tabia hiyo vizuri. Swali likisema kitu kimerushwa kwa nyuzi 30 kutoka wima, aliyekariri anakosea hatua zote zinazofuata.

Chora mshale, chora pembetatu, weka pembe mahali pake. Upande unaogusana na pembe hiyo unachukua kosaini, unaoitazama unachukua saini. Kisha jiulize kama namba zina mantiki: kitu kilichorushwa karibu na mlalo lazima kiwe na sehemu kubwa ya mlalo na ndogo ya wima. Zikija kinyume, umezigeuza.

Na kabla ya yote hakikisha kikokotoo kinasoma nyuzi, si radiani. Saini ya nyuzi 30 ni 0.5, ukiona −0.988, kimewekwa kwenye radiani.

## Kitu kikiwa hewani

5. Kitu gani hasa huhesabiwa kuwa kimerushwa?

Chochote kilicho hewani ambacho, baada ya kuachiwa, kani pekee inayokishughulisha ni mvuto wa dunia. Jiwe, mpira uliopigwa, mtu aliyeruka mtaro, maji yanayotoka kwenye mpira wa bustani. Ndege haimo, kwa kuwa ina injini na mabawa. Roketi haimo mpaka injini izimwe. Hewa tunaiweka kando kwanza, na sababu iko kwenye swali la 15.

6. Sarafu moja ikirushwa kwa mlalo na nyingine ikaachiwa tu, ipi inatangulia kufika chini?

Zinafika pamoja. Usikubali kwa sababu kitabu kimesema. Lijaribu jioni ya leo. Weka rula mezani kwa mshazari, ncha moja ikichomoza nje ya ukingo. Juu ya ncha hiyo laza sarafu ya shilingi mia mbili. Sarafu ya pili iweke mezani pembezoni kabisa, kati ya rula na ukingo, ikigusa ubavu wa rula kwa upande ambao rula itaelekea. Bana katikati ya rula kwa kidole, kisha ipige ghafla ile ncha iliyochomoza. Sarafu iliyokuwa juu ya rula inaachwa bila kitu chini yake na kuanguka wima, huku ya pili ikirushwa mbali. Fumba macho usikilize sakafu: utasikia mlio mmoja.

Kwa meza ya sentimita 80, zote mbili hutumia takriban sekunde 0.4. Ukiipiga rula kwa nguvu zaidi sarafu itaenda mbali zaidi, lakini sekunde zitabaki hizo hizo. Ni mtumbwi wa swali la 3 umerudi: mwendo wa pembeni haujui habari za mwendo wa kushuka.

7. Mpira ukiwa hewani, ile nguvu ya mguu si bado inausukuma mbele?

Hapana. Mguu unausukuma mpira kwa muda ule tu unaougusa, ambao ni sehemu ndogo sana ya sekunde. Mpira ukishaondoka, mguu umemaliza kazi. Kinachoendelea ni velositi, na velositi haihitaji kani ili iendelee kuwepo. Kani inahitajika kuibadilisha.

Wanaodhani kitu hubeba nguvu ndani yake hawapaswi kuchekwa. Wanazuoni walishikilia fikra za aina hiyo kwa karne nyingi, na macho yetu yanaiunga mkono, maana kila tunachokisukuma sakafuni husimama tukikiacha. Kinachokisimamisha ni msuguano. Ukiombwa kuchora kani zinazoufanyia kazi mpira ulio hewani, chora mshale mmoja tu, wa uzito, unaoelekea chini. Ule mshale wa pili unaochorwa kuelekea mbele hauna mwenyewe. Jiulize kila mara: kani hii inatoka kwa nani?

8. Pale kileleni, velositi ni sifuri?

Sehemu ya wima ndiyo sifuri. Sehemu ya mlalo iko vile vile kama mwanzo, na ingekuwa sifuri nayo, mpira ungeshuka wima kama jiwe kisimani. Velositi ya kileleni ni sifuri endapo tu kitu kilirushwa wima kabisa.

Mchapuko nao haupumziki. Ni mita 9.8 kwa sekunde, kila sekunde, kuelekea chini wakati wa kupanda, kileleni na wakati wa kushuka. Kama ungekuwa sifuri kileleni, kitu kilichorushwa wima kingening'inia huko huko, kwa kuwa kisingekuwa na cha kukibadilishia mwendo.

9. Kitu kizito si kinaanguka upesi zaidi?

Bila hewa, hapana. Kitu kizito kinavutwa kwa nguvu zaidi, lakini pia ni kigumu zaidi kukibadilisha mwendo, na mambo hayo mawili yanafutana kabisa. Tarehe 2 Agosti 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 alisimama juu ya mwezi, ambako hakuna hewa, akaachia nyundo na unyoya kwa pamoja mbele ya kamera. Vilitua pamoja.

## Hesabu

10. Nikipewa swali, nianzie wapi?

Anza na mstari mmoja wima katikati ya karatasi. Kushoto andika mlalo, kulia andika wima. Kila namba ya swali iende upande wake, na muda ndio pekee wenye ruhusa ya kuvuka mstari.

Tuseme mpira unapigwa kutoka chini kwa mita 20 kwa sekunde, pembe ya nyuzi 30 kutoka mlalo. Kushoto: 20 × kosaini 30 = mita 17.32 kwa sekunde, haibadiliki. Kulia: 20 × saini 30 = mita 10 kwa sekunde, inapungua kwa 9.8 kila sekunde.

Upande wa wima ndio unaoamua mpira utakaa hewani kwa muda gani. Kasi ya 10 inaisha baada ya 10 ÷ 9.8 = sekunde 1.02, hapo ni kilele. Kushuka hadi usawa ule ule kunachukua muda sawa, jumla sekunde 2.04. Kimo cha kilele ni 10² ÷ (2 × 9.8) = mita 5.1. Sasa chukua muda huo uvuke nao kwenda kushoto: 17.32 × 2.04 = mita 35.3. Swali limeisha.

Ukiulizwa mpira unatua kwa velositi gani, chukua 17.32 ya mlalo na 10 ya kushuka, uziunganishe kama kwenye swali la 2. Utapata 20 kwa nyuzi 30 chini ya mlalo. Ulinganifu huo ni wa pale mpira unapotua kwenye usawa ulioondokea.

11. Alama ya kutoa naiweka wapi?

Chagua upande mmoja uwe chanya, uuandike juu ya karatasi, usiubadilishe mpaka mwisho. Ukichagua juu kuwa chanya, mchapuko ni −9.8 hata wakati kitu kinashuka, na mahali palipo chini ya ulipoanzia ni hasi. Makosa mengi ya mada hii si ya fizikia. Ni mtu aliyebadili upande katikati ya hesabu.

12. Ile fomula ya masafa naweza kuitumia popote?

Fomula R = v² × saini 2θ ÷ g (R ni masafa, yaani umbali wa mlalo; v ni kasi ya kuondokea; θ ni pembe kutoka mlalo; g ni mchapuko wa mvuto) inafaa pale tu kitu kinapotua kwenye usawa kilioondokea. Ukirusha kutoka darini, kwenye ngazi au ukingo wa mwamba, iache.

Mfano: jiwe linarushwa wima kutoka paa la mita 20 kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde, likikosa paa wakati wa kurudi. Linafika chini lini? Juu ni chanya, mwisho wa safari ni −20, hivyo: −20 = 15t − 4.9t². Huo ni mlinganyo wa kipeo cha pili, na majibu yake ni sekunde 4.07 na sekunde −1.00. Hakuna haja ya kuigawa safari vipande viwili, kupanda na kushuka; mlinganyo mmoja unaibeba yote ukiheshimu alama.

Wengi hulikata lile jibu hasi bila kulitazama, nalo lina maana nzuri. Linasema kwamba kama jiwe lingekuwa limerushwa kutoka ardhini sekunde moja kabla, lingepita kwenye usawa wa paa likiwa na kasi ile ile ya 15 kwenda juu.

13. Nitumie 9.8 au 10?

Ulichopewa kwenye mtihani. Kiuhalisia thamani hubadilika kidogo: ni kama 9.78 kwenye ikweta na 9.83 kwenye ncha za dunia. Ukitumia 10 badala ya 9.8, jibu la masafa linapotoka kwa asilimia kama 2.

## Pembe

14. Ni kweli nyuzi 45 ndizo zinazofikisha mbali zaidi? Mbona warusha tufe hawazitumii?

Ni kweli kwa masharti mawili: hakuna hewa, na kitu kinatua kwenye usawa kilioondokea. Niccolò Tartaglia wa Italia aliyasema haya kuhusu mizinga mwaka 1537, na mwaka 1638 Galileo akatoa hoja kamili kwamba njia ya kitu kilichorushwa ni parabola.

Pembe ndogo inampa mpira kasi nzuri ya mlalo lakini muda mfupi hewani; pembe kubwa inampa muda mrefu lakini mwendo mdogo wa kwenda mbele. Ndiyo maana pembe mbili zinazojumlika kuwa 90 hutoa masafa sawa. Ule mpira wa swali la 10 ukipigwa kwa nyuzi 60 unapanda hadi mita 15.3 na kukaa hewani sekunde 3.53, lakini unatua mita 35.3 zile zile. Mchezaji anayetaka pasi iwahi atachagua nyuzi 30. Kipa anayetaka wenzake wapate muda wa kupanda atachagua 60.

Mrusha tufe anaachia tufe likiwa juu ya ardhi kwa kama mita 2, kwa hiyo halitui lilipoondokea. Kwa kasi ya mita 14 kwa sekunde, kimo hicho peke yake kinashusha pembe bora hadi nyuzi 42 hivi. Kinachoishusha zaidi ni mwili wa binadamu: mkono na mabega husukuma kwa kasi kubwa zaidi kuelekea mbele kuliko kuelekea juu, na masafa hukua kwa mraba wa kasi. Kuongeza kasi kidogo kunalipa kuliko kuikaribia 45. Kwenye kuruka chini, yaani kukimbia na kuruka ili kufika mbali, hali ni wazi zaidi, maana wanariadha wakubwa huondoka kwa nyuzi kama 20 tu. Anayejaribu 45 itambidi aue mbio alizokuja nazo.

Mkuki ni habari nyingine. Julius Yego wa Kenya alipourusha mita 92.72 Beijing mwaka 2015 na kuwa bingwa wa dunia, hewa nayo ilishiriki, kwa kuwa mkuki huegemea hewa unapokwenda. Milinganyo ya mada hii peke yake haitoshi kuueleza.

## Maswali ya pembeni

15. Kwa nini hewa inaachwa, na ikirudishwa inaharibu nini?

Inaachwa kwa sababu inavunja ule mpaka tulioutegemea. Ukinzani wa hewa hukua karibu na mraba wa kasi yote, mlalo na wima kwa pamoja, hivyo pande mbili zinaanza kuingiliana na hesabu ya karatasi inageuka kuwa kazi ya kompyuta. Kwa jiwe linalorushwa taratibu tofauti ni ndogo. Kwa mpira wa miguu uliopigwa shuti kali, ukinzani unaweza kukaribia uzito wa mpira wenyewe. Kilele kinashuka, masafa yanafupika, na upande wa kushuka unakuwa mkali kuliko wa kupanda. Mpira unaozunguka hukunja njia pia.

Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya bahari, ina hewa nyepesi kuliko Mombasa kwa takriban sehemu moja ya sita. Shuti lile lile linasafiri mbali zaidi Nairobi.

16. Nikirusha sarafu juu ndani ya treni inayokwenda kasi, mbona inarudi mkononi?

Kwa sababu ulipoiachia tayari ilikuwa na velositi ya treni. Chukua treni ya SGR (reli ya kisasa) kati ya Dar es Salaam na Dodoma ikiwa kwenye kilomita 160 kwa saa, yaani mita 44.4 kwa sekunde. Sarafu inayopanda nusu mita hukaa hewani sekunde 0.64. Katika muda huo treni imesonga mita 28, na sarafu nayo imesonga mita 28. Wewe unaiona ikipanda na kushuka wima. Mtu aliye nje kando ya reli, akiweza kuiona, ataiona ikichora parabola ndefu. Wote wawili wako sahihi. Dereva akifunga breki sarafu ikiwa hewani, itaangukia mbele yako, kwa kuwa breki imeipunguza treni bila kuigusa sarafu.

17. Nimelenga embe sawasawa, na likaanguka wakati ule ule jiwe lilipotoka mkononi. Jiwe litalikosa?

Litalipiga. Tuseme embe liko mita 12 mbele na mita 5 juu ya mkono wako, yaani mita 13 kwa mstari ulionyooka, na jiwe linatoka kwa mita 20 kwa sekunde. Bila mvuto lingefika kwenye embe baada ya sekunde 0.65. Katika sekunde hizo mvuto unaliteremsha jiwe mita 2.07 chini ya mstari wa kulenga, na embe nalo limeshuka mita 2.07 kutoka kikonyoni. Vinakutana mita 2.93 juu ya mkono. Punguza kasi ya jiwe: vitakutana chini zaidi, ila vitakutana, mradi ardhi haijatangulia. Embe lisipoanguka ndipo utalikosa, jiwe likipita mita 2 chini yake. Ndiyo maana anayeangua embe kwa jiwe hulenga juu ya embe.

18. Nikikirusha kitu kwa kasi kubwa mno, bado kitachora parabola?

Parabola inadhani ardhi ni bapa na mvuto unaelekea upande mmoja siku zote. Kwa mpira na mkuki hilo halina tatizo. Kwa kombora la mamia ya kilomita, dunia inajipinda chini yake na upande wa chini wenyewe unabadilika njiani. Kasi ikifika takriban kilomita 7.9 kwa sekunde, kwa mlalo na bila hewa, kitu kinaanguka kwa kiwango kile kile ambacho ardhi inajipinda, nacho hakiifikii ardhi kamwe. Setilaiti ni kitu kilichorushwa ambacho bado kinaanguka.

Hapo jumla ya vekta inarudi kazini. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na kwenye ikweta uso wake unakwenda kwa takriban mita 465 kwa sekunde. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka huko inaanza ikiwa tayari na kasi hiyo, kama sarafu ya swali la 16. Ilikuwa moja ya faida za jukwaa la kurushia roketi la San Marco, lililowekwa baharini karibu na Malindi, nyuzi kama 3 kusini mwa ikweta. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka 7 ya uhuru, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ikapewa jina la Uhuru.